Ubeti Wenye Pengo

Jiko likipoa pole, kila punje hujipanga,
Hii huku, ile kule, hakuna ya kujitenga,
Pembe kwa pembe zilale, kama nyumba ya kujenga,
Na mwanga ukija mbele, hupita bila kutanga.

Huo ndio ubeti nilioweza. Nimeuandika Uvinza,
juu ya gunia la chumvi ghafi, kwa kalamu ya kuazima.
Nilipousoma kwa sauti, dada yangu Yoransi,
aliyekuwa akikoroga maji ya kisima yachemke hadi yaote meno,
aliuliza: Mbona umenyooka hivyo? Umemeza rula?

Tazama bati la Bihemo, jirani, fundi baiskeli.
Paneli yake ya buluu ni silikoni iliyopangika,
atomu zimeshikana mikono kama watoto wa gwaride,
na kila mwanga huulizwa mlangoni: una kiasi gani?
Ukipungua hata thumni, pita zako.
Kizingiti kimechongwa kwa patasi. Hakuna kukopa.

Bati la Yoransi lina kioo chenye rangi ya chai ya mkandaa
alichokinunua Manyovu kwa bei ya magunia mawili.
Ndani yake kuna utando, mwembamba kuliko ukoko wa uji,
silikoni iliyomwagwa kwa pupa:
kila atomu ilipoangukia, hapo hapo ikakaa,
hii imebanwa kiunoni, ile ina majirani watatu
na mkono mmoja unaoning'inia, haujui umshike nani.
Bihemo alicheka. Hicho, alisema, ni kigae.

Lakini Uvinza ina moshi.
Kuni huanza kuwaka kabla ya adhana,
na jua hutufikia limechoka, limetapakaa,
halina upande.
Saa moja na nusu taa nyekundu ya redio ya Yoransi
imeshaanza kupepesa.

Nilisoma jambo hili miaka minne, nikafaulu,
na sikulielewa mpaka nilipokaa jikoni kwake nikikohoa.
Vurugu ikiingia, kizingiti hakibaki jiwe;
humomonyoka, huwa mteremko,
huota mkia unaoburuzika kuelekea gizani,
na nuru pungufu, ile iliyofukuzwa mlangoni,
hupata hapo pa kukanyaga.
Si pengi. Kila ukishuka hatua, nafasi hugawanywa,
ukishuka tena, hugawanywa tena,
lakini huwezi kusema hakuna.
Na ile sheria ya fuwele,
kwamba mwanga usipokelewe bila mtikisiko wa kuusindikiza,
huku haina askari. Ndiyo maana ukoko unatosha.

Sitakudanganya, msomaji. Kupokea si kufikisha.
Elektroni iliyoamshwa katikati ya vurugu haina barabara:
hudumbukia shimo hili, hutoka, hudumbukia lile,
kama mtu aliyelipwa mshahara akapitia kila duka analodaiwa.
Saa sita mchana Bihemo anachaji simu kumi na moja.
Yoransi, mbili.
Tena, wiki zile za mwanzo, jua lenyewe lilikichosha kile kioo,
kikapungua nguvu, kisha kikatulia hapo kilipopungua.
Aliniuliza sababu. Nilichora mikono inayoning'inia
kwenye majivu, kwa kijiti, nikaona mwenyewe haitoshi.

Jioni nikajaribu ubeti wa pili:

Jiko likizimwa ghafla, punje hukaa ovyo,

nikakwama. Kipande cha nyuma kina mizani saba.
Nilihesabu kwa vidole, vidole vikiwa na chumvi,
nikafuta ovyo, nikarudisha ovyo.
Yoransi alinyoosha shingo juu ya sufuria.
Hapo umepunguza kitu, alisema.
Najua.
Basi paache, nipishe nigeuze kuni.

Redio ilikuwa ikitaja bei ya maharage Kasulu,
kwa sauti ndogo, nusu yake ikimezwa na moshi,
na nilisikia bei, sikusikia gunia la kilo ngapi.